TUWAULIZE WANAOBEBA DEBE
Utafiti wa mahitaji ya wateja katika miradi ya sharika zetu



Kila tunapopokea andiko la mradi kutoka usharikani, sehemu ya kwanza tunayoitafuta ni ile inayoeleza mahitaji ya walengwa. Mara nyingi tunakuta sentensi moja tu, kwamba wananchi walishirikishwa kikamilifu na wote wakaukubali mradi. Hatusemi kwamba walioandika walidanganya. Sisi wenyewe katika ofisi ya miradi tumewahi kuandika sentensi hiyo, tukaiamini, nayo ikatugharimu. Katika makala hii tunaeleza jinsi ilivyotugharimu, na namna kamati ya usharika inavyoweza kufanya utafiti mdogo wa mahitaji bila kuwa na mtaalamu wa takwimu wala fedha nyingi.

MASHINE ILIYOKOSA MAHINDI

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia usharika mmoja wa kijijini kufunga mashine ya kusaga nafaka. Wazo lilitoka kwa kamati ya usharika, na lilikuwa wazo jema. Akina mama walikuwa wakitembea mwendo mrefu kwenda kusaga, na ilitarajiwa kwamba mapato yangesaidia mahitaji ya shule ya watoto yatima. Tulifika siku ya Jumapili, na baada ya ibada tukasimama mbele ya washarika tukauliza: "Je, mnahitaji mashine ya kusaga?" Mikono yote ikapanda juu. Tukaandika katika taarifa kwamba wananchi wote wameafiki. Wahisani wakatoa fedha, jamii ikachangia mawe, mchanga na nguvukazi, jengo likakamilika, na mashine ikazinduliwa kwa vigelegele.

Ilipofika msimu wa pili, mashine ilikuwa ikiwashwa siku mbili tu kwa juma. Mwendesha mashine alikaa kwenye benchi akiwaona akina mama wakipita na madebe kichwani kuelekea kwenye mashine ileile ya zamani, mwendo wa saa nzima. Katika vikao vya kamati ilisemwa kwamba watu hawana shukrani. Wengine walisema kuna mtu anawachonganisha. Nasi ofisini tulianza kuandaa semina ya kuwahamasisha wananchi waupende mradi wao.

Kabla ya semina hiyo tuliamua kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Majibu yalikuwa mepesi kiasi cha kututia aibu. Kwanza, mashine yetu ilikuwa ya kusaga tu, haikuwa na mashine ya kukoboa. Familia nyingi za pale hula sembe, na pumba zinazobaki baada ya kukoboa ni chakula cha kuku na nguruwe wao. Pili, tulifungua saa 3 asubuhi na kufunga saa 10 jioni. Hizo ni saa ambazo akina mama wako shambani na watoto wako shuleni, na watoto ndio wanaotumwa mashineni mara nyingi. Upande wetu tulijua kwamba dona ina virutubisho zaidi kuliko sembe, na kwa kuwa tulijua hilo, hatukuona haja ya kuuliza watu wanakula unga gani.

Siku ile ya Jumapili hakuna aliyetudanganya. Tuliuliza kama wanahitaji mashine, wakajibu kweli. Kosa lilikuwa letu sisi tuliouliza. Mtu akiulizwa kama anahitaji kitu kizuri, atasema ndiyo. Utafiti unaanza pale anapotakiwa kuchagua kati ya vitu viwili vizuri, na pale anapoulizwa yule ambaye kazi yenyewe ni yake, yaani yule anayebeba debe.

KWA NINI TUNASEMA "WATEJA"

Wapo wanaosita kutumia neno hili katika kazi za kanisa. Tumezoea kusema walengwa au wanufaika. Lakini zahanati, hosteli, duka la pembejeo, SACCOS na mashine ya kusaga haviwezi kuendelea baada ya ufadhili kwisha kama hakuna watu wanaovichagua kwa hiari na kuvilipia. Mlengwa akiletewa kitu kisichomfaa, husema asante na kukiweka pembeni. Mteja asiporidhika hubeba debe lake akaenda kwingine, wala haji kutuaga. Kumwita mteja kunatukumbusha kwamba anao uwezo wa kuondoka. Tena mteja wa mradi wetu si msharika wetu peke yake. Anayeleta mahindi anaweza kuwa wa dhehebu lingine au Mwislamu, na tukiuliza kanisani tu hatutamsikia.

HATUA YA KWANZA: UAMUZI GANI UNASUBIRI MAJIBU?

Kabla ya kuandika swali hata moja, kamati ikae na kuandika kwenye karatasi: tutaamua nini baada ya kupata majibu? Kwa mfano: "Tunazo fedha za jambo moja kati ya kununua mashine ya kukoboa, kuongeza saa za kazi na kujenga kibanda cha kusubiria. Tuanze na lipi?" Dodoso lililotokana na uamuzi wa namna hiyo huwa fupi, maswali 10 hadi 15. Dodoso lisilo na uamuzi nyuma yake huwa na kurasa nyingi, huchosha watu, na mwisho hufungiwa kabatini.

Kanuni tunayoitumia ni rahisi. Kwa kila swali tunajiuliza: majibu yakiwa hivi tutafanya nini, na yakiwa vile tutafanya nini? Kama kwa majibu yote tutafanya jambo lilelile, swali hilo tunalifuta. Na kama kamati imekwisha kuamua na inatafuta tu baraka za wananchi, ni afadhali iseme hivyo wazi kuliko kuwapotezea watu muda wa shamba.

HATUA YA PILI: NANI AULIZWE?

Robert Chambers, mtaalamu wa maendeleo ya vijijini kutoka Uingereza, aliwahi kufanya kazi ya utawala nchini Kenya kabla ya kugeukia utafiti. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 alieleza sababu zinazowafanya wageni wa vijijini, pamoja na wataalamu, wasiuone umaskini wenyewe. Tunazieleza hapa kwa maneno yetu, na kila kamati ijipime:

(i) Barabara: tunatembelea nyumba ambazo gari linafika.
(ii) Mradi: tunakwenda mahali ambapo tayari kuna mradi wa kuonyesha.
(iii) Watu: tunazungumza na viongozi, wanaume, na wale wanaojua kuongea na wageni.
(iv) Majira: tunakwenda wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu na ghala zikiwa bado na chakula.
(v) Adabu: tunaogopa kuuliza jambo litakalomwaibisha mwenyeji.
(vi) Taaluma: tunaona kile tulichosomea tu, kama sisi tulivyoiona dona.

Mkutano wa baada ya ibada una kasoro karibu zote hizo. Anayeuguza mtoto hayupo. Mama mjane anayefanya kibarua siku ya Jumapili hayupo. Na walio pale hawawezi kumpinga mzee wa kanisa mbele ya watu.

Wengine hudhani kwamba dawa yake ni kuuliza watu wengi zaidi, lakini wingi peke yake hautoshi. Mwaka 1936 huko Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi zaidi ya milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Aliyeshinda ni Franklin Roosevelt, tena katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na wakati ule vitu hivyo havikuwa vya maskini. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa na mawazo sawa na wale walionyamaza. Mwaka huohuo George Gallup aliuliza watu wachache zaidi sana, akiwachagua kwa uangalifu, akamtaja mshindi sawasawa.

Mpishi anaposonga mbele na mchuzi wake huonja chumvi kwa kijiko kimoja, sharti awe ameukoroga kwanza. Ndivyo ilivyo kwa sampuli. Kijiji chenye kaya 300 kinahitaji kaya zipatazo 73 tu ili jibu la "ndiyo" au "hapana" lisipishane na hali halisi kwa zaidi ya asilimia 10 juu au chini, katika mara 95 kati ya 100. Kata yenye kaya 3,000, yaani mara 10 zaidi, inahitaji kaya zipatazo 93. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Lakini hesabu hii ni kweli pale tu kaya zinapochaguliwa kwa bahati nasibu, bila mtu kuchagua anaowapenda. Hilo ndilo koroga lenyewe.

Namna ya kufanya ni hii. Pateni orodha ya kaya zote kutoka kwa mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, na mhakikishe kwamba kaya za pembezoni hazikuachwa. Gawanyeni 300 kwa 73, mnapata kama 4. Andikeni namba 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, mtoto achague kimoja. Kikitoka 3, mtaanza na kaya ya 3, kisha ya 7, ya 11, ya 15, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha, na mtapata kaya 75. Mkikuta nyumba imefungwa, msiingie ya jirani. Rudini jioni, na kesho yake tena. Mtu asiyepatikana mchana mara nyingi ndiye yule ambaye saa zetu za kazi hazimfai.

Jambo la mwisho hapa ni nani anayeuliza. Mwinjilisti wa mtaa akiuliza kama huduma ya mashine ya kanisa ni nzuri, atajibiwa kwamba ni nzuri sana. Tumeona inafaa sharika mbili jirani zibadilishane vijana wa kudodosa, wa kike na wa kiume. Wapewe siku moja ya mafunzo na siku moja ya kujaribu dodoso kwa kaya chache ambazo hazimo kwenye sampuli.

HATUA YA TATU: TUULIZE ALIYOYAFANYA, SI ANAYOYATAMANI

Maswali mabaya tunayoyakuta katika madodoso ya sharika ni ya aina nne.

Aina ya kwanza ni swali lenye jibu ndani yake: "Je, unakubaliana nasi kwamba mashine hii imekuletea maendeleo?" Ya pili ni maswali mawili katika swali moja: "Je, umeridhika na bei na usafi?" Akisema hapana, hatujui ni bei au ni usafi. Ya tatu ni swali la maneno ya ofisini: "Unaionaje tija ya huduma?" Bibi wa kijijini atajibu chochote ili mgeni aondoke salama. Ya nne, ambayo ndiyo inayodanganya kuliko zote, ni swali la wakati ujao: "Tukileta mashine utaitumia?" Ahadi haigharimu kitu. Kila mtu ataahidi.

Badala ya kuuliza atafanya nini, tuulize alifanya nini mara ya mwisho:

- Mara ya mwisho mlipokula ugali wa mahindi hapa nyumbani, mahindi hayo yalisagwa wapi?
- Nani alibeba? Aliondoka saa ngapi, akarudi saa ngapi?
- Yalikobolewa kabla ya kusagwa? Pumba zilikwenda wapi?
- Mlilipa shilingi ngapi?
- Kuna siku mlikosa kusaga? Kitu gani kilizuia?

Maswali hayo matano yangetosha kuokoa mashine yetu kabla haijanunuliwa.

Hata mashirika makubwa hujifunza kwa kutazama matendo ya watu. Mwaka 2005 huduma ya M-Pesa ilipoanza kujaribiwa nchini Kenya, lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea mikopo na kufanya marejesho kwa simu. Wahusika walipofuatilia matumizi waliona kwamba watu wanafanya na mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Wangeweza kuwaambia wateja kwamba wanatumia huduma vibaya. Hawakufanya hivyo. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa rasmi, ujumbe uliopewa uzito ulikuwa kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 huduma ya jina hilohilo ilianza kwetu Tanzania. Iliyobaki sote tunaijua, maana siku hizi hata sadaka hutumwa kwa simu.

Kwa hiyo pamoja na dodoso, kamati ikae kando ya njia siku mbili, moja ya katikati ya juma na moja ya Jumamosi, ihesabu madebe yanayopita na saa yanapopita. Kazi hiyo inahitaji daftari na kalamu tu.

HATUA YA NNE: KUPANGA VIPAUMBELE

Dodoso likikamilika kamati hubaki na orodha ya mahitaji, na hapo wengi husimama. Tumepokea maandiko yenye vipaumbele 12 vya kwanza! Orodha bado si kipaumbele. Lazima kitu kimoja kitangulie na kingine kisubiri, na wanaopaswa kusema kipi kitangulie ni wateja wenyewe. Tunazo njia tatu.

Njia ya kwanza ni maharage. Chora picha ya kila hitaji kwenye karatasi, uziweke chini. Kila mtu apewe maharage 10, ayagawe kwenye picha anavyotaka. Anayeona jambo moja ni zito mno anaweza kuweka yote 10 pale. Njia hii haihitaji kusoma wala kuandika. Ni vizuri kila mtu aweke yake peke yake, au kwenye makopo yaliyofunikwa, ili wa pili asimwige wa kwanza.

Njia ya pili ni kulinganisha jozi. Kila hitaji linashindanishwa na kila jingine: "Kama lazima tupate moja tu, kukoboa au bei nafuu?" Mahitaji 5 yanatoa jozi 10, mahitaji 6 yanatoa jozi 15, lakini mahitaji 10 yanatoa jozi 45, na watu watasinzia. Msizidi 6. Faida yake kubwa ni mazungumzo. Kila mara waulizeni kwa nini, na sababu ziandikwe.

Hapa tunataka kuonya kuhusu jambo moja kwa mfano wa kubuni. Tuseme kundi la wanawake limelinganisha mambo 5 na kutoa alama hizi: kukoboa 4, saa za jioni 3, foleni fupi 2, usafi 1, bei 0. Kundi la wanaume limetoa: bei 4, usafi 3, foleni fupi 2, kukoboa 1, saa za jioni 0. Tukijumlisha tu, tunapata kukoboa 5, bei 4, usafi 4, foleni fupi 4, saa za jioni 3. Saa za jioni zimekuwa za mwisho. Lakini kwa wanawake, ambao ndio wanaokwenda mashineni na ndio wanaowatuma watoto, zilikuwa za pili. Hesabu ni sahihi, ila jumla imemfunika mwenye mzigo. Kwa hiyo majibu ya wanawake, wanaume, vijana na wazee yasomwe kwanza kila kundi peke yake, ndipo yajumlishwe. Na makundi yakipishana, kamati ijiulize: nani hasa anaifanya kazi hii?

Njia ya tatu ilibuniwa na Noriaki Kano, profesa wa Japani, na kuchapishwa mwaka 1984. Yeye alishauri kila jambo liulizwe mara mbili: "Ukikuta lipo utajisikiaje?" na "Ukikuta halipo utajisikiaje?" Majibu huonyesha kwamba mahitaji si ya aina moja. Yapo ya lazima, kama unga usio na mchanga. Ukiwapo hakuna anayekusifu, ukikosekana wote wanaondoka. Yapo ambayo kadiri unavyoyaongeza ndivyo mteja anavyoridhika, kama kupunguza muda wa foleni. Na yapo ya kumfurahisha tu, kama benchi la kivulini. Likiwapo anafurahi, lisipokuwapo halalamiki. Usharika wenye fedha kidogo uanze na ya lazima, hata kama hayana picha nzuri ya kuweka kwenye taarifa. Benchi lenye jina la mfadhili halimrudishi mteja aliyekuta mchanga kwenye unga. Tukumbuke pia kwamba mahitaji huhama. Kulipa kwa simu kulikuwa jambo la kufurahisha zamani, sasa mahali pengi ni la lazima. Utafiti wa miaka mitano iliyopita hautoshi kwa uamuzi wa leo.

Baada ya hapo ndipo tunaweka gharama kando ya kila hitaji. Hitaji la tatu lisilogharimu kitu linaweza kutekelezwa kesho, wakati la kwanza linatafutiwa fedha.

HATUA YA TANO: KURUDISHA MAJIBU

Mtu aliyetupa saa nzima ya jioni yake anastahili kujua tulipata nini. Wiki chache baada ya utafiti, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwenye vikundi vya VICOBA na kanisani, kwa maneno mepesi: mlisema hivi, tutafanya hili sasa, lile litasubiri, na lile hatuliwezi kwa sababu hii. Watu huvumilia kuambiwa "hatuwezi" kuliko kutoambiwa kitu. Tumekuta vijiji ambako madodoso ya mashirika mbalimbali yamepita mara nyingi bila mrejesho, na watu wamejifunza kujibu wanachodhani mgeni anataka. Ubovu huo tumewaachia wenzetu watakaokuja kuuliza baada yetu.

Siri za watu nazo zitunzwe. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa kamati zetu maana yake ya kawaida ni hii: uongozi wa kijiji upewe taarifa kabla, mhojiwa aelezwe kwa nini anaulizwa na kwamba anaweza kukataa, jina lake lisiandikwe kama halihitajiki, na madodoso yafungiwe mahali salama. Majibu ya mama mmoja kuhusu kipato chake si mazungumzo ya kwenye kwaya.

NENO KWA KAMATI NA KWA WAHISANI

Kwa kamati za sharika: utafiti wa namna tuliyoieleza unaweza kukamilika kwa muda wa wiki mbili. Hauhitaji kompyuta. Madodoso 75 huhesabika kwa mkono, kwa kupiga vijiti kwenye karatasi kubwa ukutani, na kila mjumbe akaona. Wenye simu za kisasa wanaweza kutumia programu ya KoboToolbox, ambayo hukusanya majibu hata pasipo mtandao na kuyatuma baadaye. Lakini simu nzuri haitengenezi swali bovu.

Kwa wahisani wetu tunasema kwa heshima na uwazi mambo mawili. La kwanza, tunaomba bajeti ya mradi iwe na fungu dogo la kuuliza kabla ya fungu kubwa la kujenga. La pili ni gumu zaidi. Tunaomba mtupe nafasi ya kurudi kwenu na kusema kwamba wananchi wamechagua jambo tofauti na lile tuliloandika. Kama andiko likishasainiwa haliwezi kubadilika, basi utafiti tunaoufanya baada yake ni wa kujaza faili, na watu wanajua.

Na ile mashine? Saa za kazi zilibadilishwa juma lilelile, kwa kuwa halikuwa jambo la kugharimu: kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku. Mashine ya kukoboa ilichukua misimu miwili zaidi, kwa sababu ilitubidi tuwaandikie wahisani kukiri kwamba tuliwaletea taarifa isiyo kamili, kisha usharika ukachangia sehemu yake. Siku hizi pana foleni. Lakini wapo akina mama ambao hawajarudi mpaka leo. Wamekwisha kuzoea kule kwingine, na kule wanakopeshwa hadi mavuno. Hilo la kukopeshwa nalo tulilijua kwa kuuliza, na kamati bado inalijadili.

Kamati yoyote inayotarajia kuibua mradi mwaka huu, au yenye mradi ambao wateja wake wanapungua bila sababu kujulikana, ifike ofisi ya miradi kabla ya kuandika andiko. Tutakaa pamoja kuandaa maswali. Njooni na orodha ya kaya, na kama inawezekana, njooni na mama mmoja ambaye si mjumbe wa kamati.